Kiinitete cha Madoa

Siku Madoa alipovunjika mguu mtaroni, mwenye ng'ombe huyo alimpigia simu dada yake. "Dada, ng'ombe wangu ndiyo basi tena. Fanya ujuavyo, asipotee hivihivi."

Dada huyo ni fundi wa maabara ya mifugo, na kazi yake ni kulea viinitete vya ng'ombe kwenye visahani. Wenzake humwita Mama Mayai. Alifika machinjioni, Madoa alikopelekwa, akihema, chupa ya chai kwapani. Ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya chumvi yenye joto la mwili, na punde si punde ovari mbili za Madoa zikaelea humo. Kaka mtu, kwa mawazo aliyokuwa nayo, akanyoosha mkono.

"Nimiminie kidogo."

"Thubutu! Utawanywa watoto wa Madoa!"

Maabarani akayanyonya mayai kwa sindano, akayapa mbegu za dume, akayafungia kwenye kabati la joto. Mengi yaligawanyika mara mbili tatu, yakagoma. Moja tu lilikaza mwendo, likawa kimpira kilichojaa maji, na upande mmoja fungu la seli zilizoshikana: huyo ndiye ndama, akijaliwa. Mama Mayai alipokiona akapiga kigelegele hadi mlinzi akaja mbio.

Kisha akakaza jicho kwenye hadubini. Pembeni mwa lile fungu kulikuwa na chembechembe nyeusi. Seli zilizokufa.

Mezani kwake, kiinitete chenye seli zilizokufa hakikuwa na mjadala: pipani. Na nyumbani kwa kaka palikuwa na mtamba mmoja tu aliyekuwa tayari kubebeshwa mimba siku ile. Daktari wa mifugo alikuwa na kiinitete kingine cha kumpa, kisafi, cha ng'ombe wa kituo cha mifugo. Mtamba akibebeshwa hicho, uzao wa Madoa umekwisha.

"Cha jana chenye madoa kama haya ulikitupa," daktari alimkumbusha.

"Nilikitupa."

"Na hiki?"

"Hiki ni ndugu yangu, daktari."

Daktari akaangua kicheko. "Mimi sitambui undugu kwenye kisahani. Hebu niambie, hizo seli zilizokufa uliziona kwenye viinitete gani?"

"Vilivyoshindwa. Hivyo tu ndivyo tunavyovitia rangi ya kuonyesha seli zilizokufa."

"Na vilivyo vizima?"

Hapo ndipo Mama Mayai alipozinduka. Vizima havikutiwa rangi hata siku moja! Rangi ile huua kiinitete, nani angeharibu kizuri? Miaka yote alikuwa akitafuta kifo miongoni mwa wafu tu, na kukikuta.

"Leta vya ziada vya ng'ombe wengine," daktari alisema, naye sasa hatulii kitini. "Vile bora kabisa."

Wakavitia rangi, wakazima taa. Seli inayokufa hung'aa kijani. Mama Mayai akainama, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Zimo! Daktari, zimo!"

"Sogea nione."

"Na hiki nacho! Na kile!"

Kila kiinitete kizuri kilikuwa na vinukta vyake vya kijani, vichache, vingi vikiwa ndani ya lile fungu la ndama.

"Zinajiua zenyewe," daktari alisema. "Seli ikiharibika, inajimaliza kwa utaratibu, na jirani zake wanaisafisha. Kiinitete kichanga kabisa hakiwezi kazi hiyo. Hiki kimeshakua kiasi cha kufagia nyumba yake. Zikizidi ndiyo msiba."

Mama Mayai alikuwa ameshakirudia cha Madoa. Chembe nyeusi chache, zimesukumwa pembeni. Fungu lenyewe limeshiba, limebana. Akampigia kaka yake.

"Kuna kisafi cha kituo, na kuna cha Madoa chenye kasoro niliyokuwa naiogopa. Siiogopi tena, lakini siwezi kukuahidi kitu. Mtamba ni wako."

"Dada, unauliza nini sasa? Leta cha Madoa!"

Kiinitete kikavutwa ndani ya mrija mwembamba, daktari akakiweka ndani ya mtamba kwa mkono mtulivu.

Mwezi na kitu baadaye walisimama zizini, daktari akishika mashine ya kupimia mimba, kaka akiwa amemshika dada yake bega bila kujua.

"Mbona giza tupu?" kaka aliuliza.

"Hapo, panapopepesa. Ndio moyo wake."

Kaka akasogeza pua hadi kwenye kioo. Kitu kidogo kama punje kilikuwa kikidunda, upesi upesi, bila kupumzika.

"Yarabi," alinong'ona, kisha akapaza sauti hadi mtamba akashtuka. "Dada! Huyu mbona anakimbia na hata miguu bado!"