Diski Nzima na Nyimbo za Mama Nakiete

Jamani, kuna aibu mtu huzeeka nazo, na hii yangu ya kule Same mke wangu akiitaja tu kwenye ubishi, nachukua kofia natoka.

Ilikuwa enzi zile milango ya biashara imefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia, na usharika wetu ukapata kompyuta moja chakavu. Mama Nakiete, mzee wa kwaya, akaketi nayo mwaka mzima akichapa nyimbo za Chasu, lugha yetu Wapare, maana wazee waliozijua walikuwa wanakwisha. Diski ikajaa. Nikatumwa mimi, niliyejiita fundi, Moshi kuleta kubwa zaidi, na kumbe mashine kwa uzee wake ikaiona nusu tu! Muuzaji akasema niridhike. Mimi, Mpare, niridhike na nusu ya kitu nilicholipia? (Mnatujua: kuku akipotea, tunauza ng'ombe tushinde kesi.) Nikatafuta kiprogramu cha kuihadaa mashine ione diski nzima, kikakubali, nikahamishia nyimbo zote humo, na ile diski ya zamani nikaifuta kwa mbwembwe nikaigawa shuleni.

Jumapili ya kuzionyesha, watu wameteremka hadi kutoka milimani, ukumbi umejaa, nikawasha huku disketi ya kuwashia mashine nimeisahau kwenye tundu lake. Mashine ikaanzia kwenye disketi, ikakiruka kile kiprogramu cha kuihadaa kilichokaa mwanzoni mwa diski, ikaiona diski imevurugika, ikauliza: nirekebishe?

"Kuna tatizo, fundi?" akauliza mchungaji.

"Hakuna, Baba Mchungaji, ndiyo kawaida yake," nikasema (sikujua lolote), nikabonyeza ndiyo. Ikarekebisha mpaka nyimbo zote zikawa takataka.

Nikahangaika, nikazima, nikawasha, jasho linanitoka, hakuna anayeondoka.

"Nyimbo zangu ziko wapi, mwanangu?"

"Zimepotea, Mama."

Heri angenitukana. Alifuta miwani yake taratibu, akageukia watu. "Wazee, njooni mbele. Sisi tunaimba, huyu anachapa."

Nikachapa siku hiyo mpaka vidole vikafa ganzi, na kila Jumapili iliyofuata, mpaka tukamaliza. Wimbo mmoja tu, ubeti wake wa mwisho hakuna aliyeukumbuka, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nimeapa: kazi ya mtu nainakili kwanza, ujanja baadaye. Mama Nakiete hakungoja kiapo changu. Disketi yake yenye nakala ya nyimbo huifunga kwenye pindo la kanga, na nikinyoosha mkono nimsaidie kuibeba, ananiambia, "Wewe beba kiti."