Beringi ya Gurudumu la Verna

Orest Hrynchuk alikuwa fundi pikipiki katika mji mdogo wa Dauphin kwa miaka thelathini na minane, na sifa yake ilikuwa vidoleni. Ulimpa gurudumu, akatia kidole kwenye tundu la beringi, akaizungusha taratibu huku amefumba macho, kisha akakwambia: hii bado, hii imekwisha. Hakukosea.

Kisha kisukari kikamwingia. Ganzi ilianza nyayoni, akanyang'anywa leseni ya kuendesha. Majira ya baridi yaliyofuata ikapanda mikononi. Hakumwambia mtu. Nati zilipozidi kumponyoka alinunua sahani yenye sumaku, na kila kitu kidogo akawa anakiweka humo.

Mwezi wa sita shemeji yake Verna, mjane wa kaka yake, alimletea pikipiki ya marehemu. Gurudumu la mbele lilikuwa linanguruma, na Jumamosi alitaka kwenda Swan River kumwona mjukuu wake wa kwanza.

"Shemeji, usinicheleweshe. Mtoto ana wiki tatu, atadhani nimemsusa."

Pikipiki ile ilikuwa na breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisikwame ukikaba breki ghafla. Beringi yake moja si ya kawaida: sili ya upande mmoja, yaani kifuniko cha mpira, imejaa visumaku visivyoonekana kwa macho, na sensa, kitambuzi kilicho kando yake, huvisoma ijue gurudumu linazungukaje. Ukiweka beringi ya kawaida, au ukiigeuza, sensa inakuwa kipofu. Orest aliyajua hayo yote. Aliagiza beringi mbili, moja ya akiba, akaigongea mpya mahali pake, upande wa visumaku ukielekea sensa. Verna akaondoka Jumamosi asubuhi, mkoba umejaa nguo za mtoto.

Haukupita muda simu ikalia. Verna alikuwa amesimama Grandview kunywa kahawa.

"Kuna kitaa cha njano, kimeandikwa ABS. Kilikuwa kinawaka na kuzimika, sasa hakizimiki."

"Usiendelee. Ngoja hapo hapo."

"Nimngoje nani? Wewe huendeshi. Breki si zinashika?"

"Zinashika, lakini ukikaba kwa nguvu gurudumu litakwama. Verna, nisikilize."

"Kaka yako aliendesha miaka thelathini bila hicho kitaa. Nitakwenda polepole."

Akakata. Baada ya pale barabara inaingia mlimani, na simu haishiki.

Orest aliitoa beringi ya akiba kwenye sahani. Alikuwa na kadi nyembamba yenye unga wa chuma ndani, ya kuonyeshea sumaku. Akailaza juu ya sili. Ilipaswa kutokeza milia iliyopangana kama meno ya kitana. Sehemu kubwa ilikuwa imefutika. Akaitazama ile sahani na sumaku yake. Beringi aliyomfungia Verna nayo ilikuwa imelala humo siku mbili.

Alimpigia jirani mwenye gari. Jirani alikuwa ziwani anavua. Akawapigia polisi, wakamwuliza kama kuna ajali. Akasema bado. Wakamwambia basi, awapigie ikitokea.

Akakaa, simu mapajani, akiitazama kila dakika kwa kuwa asingeihisi ikitetemeka.

Saa nane mchana mwana wa Verna alipiga. Kulungu alivuka barabara, mama akakaba breki, gurudumu la mbele likakwama. Mfupa wa paja umevunjika.

Kesho yake Orest alipelekwa hospitali kumwona Verna. Alimweleza yote, sahani na sumaku na ganzi, bila kumtazama.

"Mikono yako naijua," Verna akasema. "Pasaka ulishika sufuria ya moto ukaendelea kupiga soga."

"Ulijua, na bado ukaniletea?"

"Ningempelekea fundi mwingine, halafu wewe upate habari? Ungekufa, shemeji."

"Kwa hiyo nimekuvunja mguu."

"Tuseme tumesaidiana."

Mwana wa Verna akaingia na mtoto wake mchanga, akamnyooshea Orest ampakate. Orest akaficha mikono mgongoni.

"Msinipe," akasema.

Verna akapapasa shuka kando yake. Mtoto akawekwa kitandani, upande wa mguu mzima.

Kabla ya theluji Orest aliifunga gereji. Wateja waliokuja na magurudumu walielekezwa kwa fundi wa barabara ya pili, na baadhi yao waliendelea kusimama mlangoni wakimwomba ajaribu tu beringi kwa kidole.