Kukalia Sura ya Mtani

Sura za watu nilikuwa nazichapisha bila kumuuliza mtu. Kibiti nzima inavaa fulana zenye sura za wacheza mpira, na sijamwona mchezaji hata mmoja aliyekuja kibandani kwangu stendi kulalamika. Mashine ya kubandika picha kwenye nguo niliinunua baada ya kuachika, na nawaambieni, ni mume bora kuliko niliyekuwa naye. Inanilisha, na haikoromi.

Nikabuni mito ya kukalia. Boti za Nyamisati kwenda Mafia mabenchi yake mbao tupu, abiria wakishuka wanatembea kama wametahiriwa jana. Nikashona mito, juu nikabandika sura ya mchekeshaji mmoja anayejulikana nchi nzima, kakenua meno, na chini yake maneno: "Kaa, usiogope." Kwa nini yeye? Kwa sababu ni Mnyamwezi, na sisi Wandengereko hao ni watani zetu. Msibani kwao naingia, navaa kanzu ya marehemu, naigiza alivyokuwa akitembea, nakamata kuku naondoka naye, na hakuna wa kuniuliza. Sasa mtu ambaye msiba wake naweza kuuchezea, nikamuombe ruhusa ya picha? Thubutu!

Mito ikagombaniwa. Ndipo wakili wake akanipigia simu.

"Dada, una kibali cha maandishi cha kutumia sura ya mteja wangu kwenye bidhaa?"

"Kibali cha nini, baba? Huyo mtani wangu."

"Sheria haina utani."

"Kwani wewe kabila gani?"

"Mchaga."

"Ndiyo maana."

Hakucheka. Akasema sura ya mtu maarufu ni mali yake, kuifanyia biashara bila kibali ni kesi, na mahakamani ataomba mashine yangu ichukuliwe. Hapo na miye nikaacha kucheka. Mashine! Nirudi kuuza maji ya kandoro, yale ya kufunga kwenye vifuko? Akaniambia Jumamosi mteja wake anatoka Mafia harusini, kama nataka kuyamaliza nimkute gatini Nyamisati.

Nikapanda bodaboda nimefunga kibwebwe. Nilipanga nimtukane mpaka asahau anachodai, maana watani ndivyo wanavyosuluhishana.

Boti ikafunga, akateremka, mfupi kuliko anavyoonekana kwenye simu. Sikungoja salamu.

"Weye Mnyamwezi! Nimekutafutia kazi ya kukaliwa, unaniletea wakili?"

Akacheka mpaka akashika magoti. "Wandengereko wezi nyie! Kuku mmetumalizia, sasa mmehamia sura?"

Palepale akampigia wakili: mashine asiiguse, kibali aniandikie. Alhamdulillahi! Nusura nimbusu.

"Lakini miye nimekubali kwa nafsi yangu," akasema, na kicheko kikamwisha. "Kamuombe na mama."

Mama yake alikuwa amekaa juu ya begi, anajikanda miguu. Mwanawe alimchukua safari ile akaione bahari. Nikampa shikamoo, nikaanza mzaha kama kawaida yetu, naye akanisikiliza kwa upole mpaka mzaha ukaniishia.

"Mwanangu," akasema, "huyu kafanana na marehemu babake, mpaka meno. Botini watu wamejaa, mwanangu yuko kwa nahodha anapigwa picha. Kijana mmoja akanipisha, akaniachia na mto wake wenye sura hiyo. Nikamshukuru, nikasimama."

"Ukasimama kutoka Mafia?"

"Kutoka Mafia."

"Si ungeugeuza tu, mama?"

"Nimfunike uso? Nilimfunika siku ile tulipomzika. Inatosha."

Iliniuma, wallahi, iliniuma mpaka machozi yakanitoka mbele za watu. Pembeni yetu boti ilikuwa inapakia safari ya kurudi Mafia, abiria wameshaitandika mito yangu, wamekaa wanatafuna korosho. Nikaingia, nikaanza kuivuta mito chini ya makalio yao, wao wananitukana, miye naivuta.

"Inukeni!" nikapiga kelele. "Inukeni nyote! Mwenye mume yuko gatini."