Mlango Uliozibwa Wageni wa Posa Wakiwa Ndani

Enzi zetu, wenzangu, msumari ukipinda ulinyooshwa, na ukipinda tena ulinyooshwa tena. Miaka ile ya dhiki, madukani Same kulikuwa na rafu na muuza duka basi. Sisi watoto wa Suji tukitoka shule tulikaa na mawe yetu, tukigonga misumari iliyong'olewa kwenye mabanda ya zamani. Ukijigonga kidole, mama anauliza kwanza kama msumari umenyooka. Wajukuu wangu leo wakichomwa na mwiba wanataka hospitali.

Misumari ile ilikuwa ya mlango. Nyumba yetu ilikuwa na pazia la gunia, mpaka baba aliposikia kwamba wazee kutoka Ugweno wanakuja kumposa shangazi Nakiete, dada yake. Shangazi alikuwa mrefu, ana nguvu, na watu walishaanza kusema umri unampita. Baba akahangaika akapata mlango wa mbao na fremu yake. Fremu ikasimamishwa, lakini kati yake na ukuta wa udongo ukabaki ufa ambao kuku alipita bila kuinama. Zilitakiwa mbao nyembamba za kuzungushia fremu kwa ndani, kufunika aibu ile. Fundi Elifuraha akazipata kwenye sanduku la sabuni. Tulikuwa tunazinusa kwa zamu, maana sabuni yenyewe tulishaisahau.

Siku ya posa ikafika mbao hazijapigwa, na wageni nao wakawahi. Bibi akasema mgeni hafukuzwi kwa sababu ya nyundo. Wakaingizwa, wakakalishwa, fundi akaendelea mbele yao. Baba, upepo wa mlimani ukimpuliza kisogoni, akamwambia afunge mlango na azibe nyufa zote.

Elifuraha alikuwa mtu wa kutii. Akaziba ufa wa fremu na ukuta. Akaona kuna ufa mwingine, kati ya fremu na mlango wenyewe. Akauziba nao. Akaimaliza misumari yetu yote, na wageni wakasifu kwamba kazi ni safi.

Mlango ule ulikuwa unafungukia ndani. Mama alipokuja na makande akasukuma, haukwenda. Waliomo ndani wakavuta, ukagonga zile mbao, ukagoma. Baba akapiga marufuku mtu yeyote kuzigusa, maana misumari ile haitanyooka tena. Dirisha lilikuwa dogo, lina fito. Basi makande yakapitishwa humo kwa vikombe, wazee wa watu wakapokea kama mahabusu. Walipokwisha kula, mmoja akaomba sala ndefu, akawataja Paulo na Sila na gereza lao lililofunguka milango yenyewe. Baada ya amina wote wakautazama mlango. Ulikuwa vilevile.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mshenga wao, mzee mkavu, alisema kwa sauti iliyotufikia jikoni: "Ndugu zangu, Mungu akifunga mlango tusilazimishe. Itafutwe namna ya kutoka. Posa tuiache."

Shangazi alitakiwa akae jikoni, asionekane wala asisikike mpaka aitwe. Mama akamshika kanga. "Wifi, tulia. Bibi harusi hatoki."

"Harusi ipi, wifi? Si hiyo inaondoka?"

Akaweka mwiko chini, akakaza kanga kiunoni, akaanzia mbio kule kwenye migomba. Akaupiga mlango kwa bega. Mimi nilidhani mbao zitabanduka. Ilitoka fremu nzima ukutani, na mlango ndani yake, ikalala sebuleni kama daraja, shangazi juu yake, kichwa miguuni pa mshenga. Vumbi lilipotua, wa kwanza kusema alikuwa Elifuraha. Aliinama akachungulia chini ya fremu. "Mnaona wenyewe," akasema. "Mbao zangu hazijabanduka hata moja."

Mshenga alikuwa anamtazama shangazi. "Binti, sisi tulikuja kwa utaratibu. Wewe unasemaje?"

"Shikamoo, baba. Mimi nimeshaingia. Kama mnatoka, mtanikanyaga."

Hawakumkanyaga. Walikaa mpaka jua likazama nyuma ya mlima, pasipo mlango wowote, na shangazi akaolewa Ugweno.

Baadaye biashara ilifunguliwa, misumari ikaja kwa kilo. Juzi kwa mwanangu pale Same walikuja kumposa mjukuu wangu. Mlango wa kwake unang'aa, mbao za pembeni zimekaa kama zimeota. Wageni walikunywa soda, kila mtu na simu yake. Binti alitoka chumbani akasema "mambo", akarudi. Wakasema wana ratiba, wakaondoka. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja, na ukajifunga wenyewe. Mimi nilibaki nimeukodolea macho, nikatamani ungekwama kidogo tu.