Mtungi wa Mtu Mmoja

Mume wangu alipokuwa hai, mtungi wa gesi ya kuchomelea haukuwa shughuli ya mtu mmoja. Alikuwa fundi wa mageti na grili, akifanyia kazi uani, nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Mowlem, na mtungi wake ulinifika kifuani. Mkokoteni ukiuleta, yeye alishika shingo, mimi kitako. "Mama, shika," angesema, nami ningejibu, "Nimeshika." Bila jibu hilo hakuinua, hata akiniona nimeinama pale pale. Kisha tulijikongoja nao hadi kwenye nguzo ya chuma, akaufunga kwa mnyororo ulioning'inia kwenye kulabu aliyoichomelea mwenyewe.

Alipofariki, watoto walitaka niuze mashine yake ya kuchomelea. Kijana anafanya kazi ng'ambo, Gulf, binti ameolewa Nakuru. Walinipigia kwa zamu, wakinisemesha kama mgonjwa. Mashine itashika kutu, walisema. Nikawaambia nitajifunza kuitumia. Binti akacheka, halafu akasikia mimi sicheki. Sikutaka ufundi wa kuajiriwa, uzee huu nao. Ila ua ulikuwa kimya kiasi cha kunitia wazimu, na mlio wa mashine ile ndio sauti pekee ya nyumba yetu ambayo bado ningeweza kuirudisha.

Rafiki mmoja wa mume wangu, fundi wa mtaa wa Huruma, alikubali kunifundisha Jumapili baada ya kanisa. Alinieleza kwamba gesi ile hufukuza hewa pale chuma kinapoyeyuka, la sivyo kazi inajaa vitundu kama mandazi mabaya. Mtungi wa mume wangu ulikuwa wa kukodi na ulisharudishwa, basi akanishauri nichukue mwingine mkubwa. Mwanafunzi hupoteza gesi nyingi, alisema, na mdogo utakwisha kabla mkono haujatulia. Nilikubali upesi, kwa sababu mkubwa ndio niliokuwa nimeuzoea. Nilitaka ukae palepale penye mnyororo, nikitoka asubuhi kuanika nguo niuone.

Dukani, muuzaji aliuinamisha mtungi mkubwa kidogo, akaniachia nionje uzito wake. Nikarudi nyuma hatua moja, akaudaka.

"Mathe, hii ni nzito, bana. Home kuna nani wa kukusaidia kuishukisha?"

"Wako watu," nikamjibu kwa ukali. "Nyumba imejaa."

"Basi pigia mmoja, nimwelezee vile mtaibeba."

Hakuwa na ubaya, maskini. Nilitoa simu nikaanza kupitia majina. Wa chama cha akina mama. Wa kanisa. Mama wa maziwa. Fundi wa Huruma, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye mjengo, juu ya paa. Watu wa kunipa pole nilikuwa nao tele, hata wengine walinichosha. Wa kushika kitako sikumwona. Nikaendelea kubonyeza simu kama mtu anayetafuta namba, na macho yakaniuma, nikamchukia yule muuzaji kwa jinsi alivyosubiri kwa adabu.

Mwishowe nikarudisha simu mkobani, nikamwambia anipe mdogo. Akauinua kwa mkono mmoja. Hakuuliza tena habari za watu wangu.

Niliupeleka nyumbani kwa tuktuk, nikauegemeza kwenye nguzo. Ulinifika magotini. Mnyororo ulibaki juu huko ukining'inia, haukugusa hata shingo yake. Mtungi wa gesi hauachwi bila kufungwa, hilo nililijua kuliko sala, kwa hiyo nikauzungushia kamba ya nguo na kuusubirisha hadi Jumapili.

Fundi alikuja, akaniuliza nataka kuanza na nini. Wengi huanza kwa kuunganisha vipande vya chuma chakavu. Nikamwambia nataka kulabu, chini, kwenye nguzo ile. Alitazama ile ya juu, akanikabidhi kofia ya kukinga uso. Nilichomelea vibaya, nikasugua, nikarudia. Ilitoka na uvimbe kama ufizi unaouma, lakini alipoivuta kwa uzito wake wote haikung'oka. Ya mume wangu hatukuigusa.

Alipoondoka nilifungua kamba. Nikainama, nikaukumbatia ule mtungi mdogo ili niusogeze kwenye kulabu yangu, na kabla sijauinua, mdomo ukasema wenyewe, "Nimeshika."

Nikabaki nimeinama pale, kana kwamba kuna mtu wa kuinua.