Mama Uzi na Maharagwe Yanayotakiwa Kuugua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Uzi amepiga magoti kitaluni, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, kibano mkononi, anafungua tumba la ua la haragwe. Anatoa chavua yake, anapaka ya mmea mwingine, kisha anafunga uzi mwekundu kama alama. Jina la utani limetokana na nyuzi hizo. Kwa siku anafunga maua arobaini. Yakishika kumi, anashukuru.

Mwaka wa sita huu fundi huyu anatafuta haragwe lisiloshikwa na kutu, ugonjwa unaojaza majani madoa ya kahawia hadi yapukutike. "Siku hizi mvua inanyesha ikijisikia," anasema, "na kutu nayo inakuja ikijisikia."

Ili aujue mmea wenye kinga, lazima aupande katikati ya wagonjwa. Sasa mweleze mtu hilo akuelewe.

Msimu uliopita mlinzi wa kituo, mzee mwenye huruma kupita kiasi, aliyaona majani yale yanateketea. Siku Mama Uzi hayupo, akatoa bomba la dawa stoo, akapuliza shamba zima. Wagonjwa wakapona, na nani mwenye kinga asijulikane. Mkuu wa kituo akapiga picha, akasifia ukijani.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Wakadhani ni furaha."

Mkuu huyo huyo sasa anasema majibu yasipopatikana safari hii, utafiti unafungwa. Nyumbani nako hakuna nafuu. Mama mkwe, ambaye kutu imemmalizia shamba mara mbili, kila jioni ana lake: "Miaka sita unalima maharagwe, mwanangu, hata kikombe cha kupika hujaleta?"

Mama Uzi anafika mstari wa arobaini na moja, uliotokana na maua aliyoyafunga uzi mwenyewe. Kushoto na kulia ni kahawia tupu. Huu ni kijani, hauna doa. Hafurahi. Anainama, ananusa majani.

"Mzee, umepuliza?"

"Hata tone, mama. Stoo si umeifunga, na ufunguo unao shingoni?"

Anaupapasa. Upo. Hapo ndipo anapotabasamu, kidogo tu.

Wakivuna, kikombe cha kwanza ni cha mama mkwe, akipande. Ataandika juu ya mfuko kwa herufi kubwa: SI YA KUPIKA.

"Lakini namjua," anasema. "Nitasimama pale pale shambani mpaka punje ya mwisho ifukiwe."