Habasoda ya Nekesa

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Doha, mwanangu, nilipokuwa bado mgeni. Nilikaa mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Nekesa wa Bungoma, katika nyumba yenye wapangaji wengi. Sote tulifanya usafi katika hoteli moja ya Al Sadd. Alipokwenda likizo nyumbani, Nekesa alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi. Alirudi na dawa amezificha kwenye chupa ya vitamini, na siri hiyo aliniambia mimi peke yangu. Hapa ikijulikana, unarudishwa kwenu, na watoto wake walimtegemea yeye tu.

Siku hiyo nilimkuta kitandani, anakoroga habasoda, zile mbegu nyeusi za dawa, kwenye asali. Muuza mitishamba mmoja alikuwa amemwambia itamsafisha damu, vidonge aviache.

"Umeviacha?" nikauliza.

"Bado. Lakini nimechoka, dada Rehema. Kidonge nakimeza chooni, nimefungua bomba ili wenzetu wa nyumba wasisikie vidonge vikicheza chupani. Habasoda naila mezani mbele ya watu, na wengine wananiomba waonje. Tena inanipa usingizi."

Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Nikayaacha, nikachukua simu.

Tukampigia nesi wa kliniki yake kule nyumbani. Kila nyayo ziliposikika koridoni, tuliificha simu chini ya mto. Nesi hakumcheka wala hakumkemea. Alimuuliza anachotumia chote, akasema asali haina neno, ila habasoda aiweke kando kwanza mpaka daktari aangalie kama inagongana na dawa. Na kidonge asikiruke hata siku moja.

Nekesa alilia, kisha akaenda kumeza chake. Baadaye alirudi kwao kwa hiari yake. Sasa ana kibanda cha chai, na kifungua mimba wake yuko chuoni. Hata hivyo, akichelewa kupokea simu, bado nampigia tena na tena mpaka aipokee.

Basi mwanangu, ukimwona mgonjwa ameshika majani au mafuta, usianze kwa kumkaripia. Muulize yanampa nini. Huenda ni usingizi, huenda ni kukaa na wenzake bila woga. Akishakujibu, msihi amweleze daktari yote, na dawa za hospitali asiziache. Ikiwa mgonjwa ni wewe, usibaki na siri ya ugonjwa wako peke yako.

Mungu akujalie mtu wa kumwambia ukweli, akutunze katika nchi za watu, akurudishe kwenu ukiwa na afya yako.